Dhima ya Halmashauri kwa Majeraha Yanayosababishwa na Mazingira Hatarishi: Handeni na Korogwe

Dhima, yaani wajibu wa kisheria wa kufidia madhara yaliyompata mtu mwingine, haizuki kwa sababu tu mtu ameumia mahali pa umma, bali huzuka inapothibitika kwamba mamlaka ilikuwa na wajibu wa uangalifu kwa mtumiaji wa mahali hapo, ikazembea, na uzembe huo ndio uliomjeruhi. Chimbuko la kanuni hizi ni maamuzi ya majaji wa Uingereza, ambayo sheria ya Tanzania iliyapokea kama yalivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, kwa sharti kwamba yatumike kwa kadiri tu mazingira ya Tanzania na watu wake yanavyoruhusu.

Tarehe hiyo ina uzito wake, kwa kuwa wakati huo mamlaka ya barabara Uingereza iliweza kudaiwa ikichimba mtaro na kuuacha wazi, lakini haikudaiwa ikiiacha barabara ichakae mpaka ikatoboka mashimo. Bunge la nchi hiyo lenyewe liliifuta kinga hiyo kwa sheria ya mwaka 1961. Ni vigumu kuona kwa nini mkazi wa Manundu mjini Korogwe au Chanika mjini Handeni, anayetembea kwa miguu au kupanda bodaboda usiku, afungwe na kinga ambayo walioianzisha wameitupa, ilhali sharti la mazingira linaipa mahakama nafasi ya kuikataa.

Ugumu mkubwa zaidi ni kumtambua mdaiwa. Wilaya za Handeni na Korogwe zina halmashauri nne, za wilaya na za mji. Barabara kuu ya Segera kwenda Moshi ipitayo Korogwe iko chini ya Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS), na barabara za mitaa na vijijini zilihamishiwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA) mwaka 2017, hivyo halmashauri zikabaki na masoko, stendi, machinjio, shule na zahanati. Mchuuzi mwenye tenga la machungwa kichwani, anayekanyaga mfuniko uliovunjika wa mtaro ulio kati ya barabara na lango la soko, hawezi kujua kwa macho kwamba hatua moja nyuma alikuwa kwa wakala na hatua moja mbele yuko kwa halmashauri. Sheria ya wakala za Serikali nayo huruhusu wakala kushtakiwa kwa jina lake katika mambo ya mikataba tu, na madai ya majeraha huelekezwa kwa Serikali yenyewe.

Tangu marekebisho ya mwaka 2020 ya sheria ya mashauri dhidi ya Serikali, anayekusudia kuishtaki halmashauri hutakiwa kutoa notisi ya siku 90, kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na kufungua shauri Mahakama Kuu, ambayo kwa watu wa Handeni na Korogwe ni masjala ya Tanga, hata kama anachodai ni gharama za plasta na mapato ya miezi miwili. Asipomuunganisha Mwanasheria Mkuu, shauri zima hubatilika. Muda wa ukomo kwa madai ya uzembe ni miaka mitatu, nao ni mfupi kwa majeruhi ambaye bado anauguza mguu. Utaratibu huu unailinda hazina ya umma, lakini kwa madai madogo unakaribia kuifuta haki yenyewe.

Kwa sababu hiyo ushahidi wa awali una thamani kubwa. Fomu ya polisi, PF3, huonyesha jeraha, lakini haionyeshi kwamba mamlaka iliijua hatari, na hapo ndipo madai mengi hukwama, maana utetezi wa kwanza huwa ni kwamba ofisi haikuarifiwa. Barua ya mwenyekiti wa mtaa kwa mtendaji wa kata, yenye tarehe na muhuri wa kupokelewa, huuondoa utetezi huo. Inafaa basi kila kata iwe na rejesta ya hatari inayoandika siku taarifa ilipopokelewa, siku ilipomfikia mhandisi na siku matengenezo yalipofanyika, na pale umiliki unapobishaniwa, ofisi iliyopokea taarifa kwanza iweke kizuizi na alama ya tahadhari siku hiyohiyo, kisha mabishano ya nani alipe yaendelee baina ya taasisi zenyewe.