Mwombaji wa Masomo ya Tiba ya Viungo na Barua ya Mwalimu Wake



Kila mwaka, ifikapo katikati ya mwezi Juni, vyuo vikuu vya Marekani vinavyofundisha tiba ya viungo, au fiziotherapia kama inavyoitwa hospitalini, huanza kupokea maombi ya wanafunzi wapya. Vingi kati ya vyuo hivyo hutumia ofisi moja ya pamoja, ijulikanayo kwa herufi PTCAS. Mwombaji hujaza fomu moja kwa njia ya mtandao, kisha huchagua vyuo ambavyo fomu hiyo ipelekwe. Kwa chuo cha kwanza hulipa ada inayozidi dola 150, na kila akiongeza chuo huongeza malipo.

Mazungumzo haya hayakukusudiwa kuwafundisha vijana namna ya kujaza fomu. Kusoma wanajua. Yanawahusu zaidi watu wazima walio madarasani na maofisini, kwa sababu fomu hiyo ikitazamwa kwa makini itaonekana kwamba sehemu kubwa ya yale inayoyataka haimo mikononi mwa mwombaji. Imo mikononi mwa mwalimu aliyemfundisha, karani anayetunza matokeo ya mitihani yake, na mtaalamu wa hospitali aliyemruhusu kusimama pembeni akitazama kazi. Kijana anaweza kuwa hodari na bado akaanguka kwa uzembe wa watu watatu ambao chuo cha ng'ambo hakitawaona kamwe.

Kwanza yafaa ieleweke masomo yenyewe ni ya namna gani. Kazi hii nchini Marekani ilikua kutokana na vita na maradhi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza wanawake walifundishwa upesi upesi ili wawarudishie nguvu askari waliojeruhiwa; Mary McMillan akawa rais wa kwanza wa chama chao kilichoundwa mwaka 1921. Kisha yakaja mawimbi ya polio, ugonjwa uliopooza maelfu ya watoto hadi chanjo ilipopatikana mwaka 1955. Mafunzo yaliyoanza kama kozi ya miezi michache yakapanda ngazi hadi shahada. Mwaka 1993 Chuo Kikuu cha Creighton, mjini Omaha, kilianza kufundisha udaktari wa tiba ya viungo kuwa shahada ya kuingilia kazini, na tangu mwanzo wa mwaka 2016 hiyo ndiyo shahada ambayo vyuo vyote vya nchi hiyo hutakiwa kumpa anayeianza kazi hiyo. Kwa kawaida huchukua miaka mitatu baada ya shahada ya kwanza. Neno udaktari lisimpoteze mtu: mhitimu hawi daktari wa upasuaji wala wa magonjwa ya ndani.

Kutokana na hayo ni dhahiri kwamba shahada hiyo ni ya mtu ambaye bado hajawa mtaalamu. Aliyekwisha kupata shahada ya fiziotherapia, Moshi au kwingineko, ana kazi yake tayari. Akitaka kuifanya Marekani, njia yake ni kupimiwa vyeti na kufanya mtihani wa taifa wa leseni. Akitaka elimu zaidi, anachohitaji ni shahada ya uzamili, ambayo hutolewa hata katika bara hili, kwa mfano katika Chuo Kikuu cha Western Cape, Afrika Kusini. Kumshauri mtu kama huyo aanze upya kwa sababu jina la udaktari linapendeza ni kumtia hasara, na ni kasumba ya vyeti. Anayefaa kuomba ni yule mwenye shahada ya biolojia, ya sayansi ya mazoezi, au hata ya ualimu wa sayansi, aliyeamua kuingia kazi hii kwa mara ya kwanza. Naye hana budi kujichunguza mapema, kwani karibu vyuo vyote hudai awe amesoma anatomia na fiziolojia ya binadamu pamoja na kazi za maabara, kemia, fizikia, biolojia, takwimu na saikolojia. Mwalimu wa Biolojia aliyehitimu vizuri huweza kukuta amepungukiwa anatomia na saikolojia ya kitabibu, na pengo hilo halizibwi kwa barua.

Jambo la pili ni saa za kutazama kazi. Vyuo vingi hutaka mwombaji awe amekaa na mtaalamu mwenye leseni, akiona jinsi wagonjwa wanavyohudumiwa, na mtaalamu huyo athibitishe. Vingine huridhika na saa 40, vingine hutaka 100 au zaidi, na vingine havidai kabisa. Viko pia vinavyotaka mtaalamu huyo awe na leseni ya Marekani. Hapo mwombaji wa Tanzania hana budi kuuliza kabla hajalipa ada.

Wenye umri wa kukumbuka hawataona ajabu katika sharti hilo. Azimio la Musoma, lililopitishwa na Halmashauri Kuu ya TANU mwezi Novemba 1974, lilitaka kijana wa kidato cha sita afanye kazi kwanza, na aingie Chuo Kikuu akiwa na ushuhuda wa mahali pa kazi na wa Chama. Utaratibu huo ulilegezwa baadaye na hatimaye ukaachwa, na walioulalamikia walikuwa na hoja zao. Lakini swali lililokuwa ndani yake lilikuwa la haki: je, huyu anaijua kazi anayoiombea masomo, au analijua jina lake tu? Kijana ambaye hajapata kumwona mzee aliyepatwa na kiharusi akijifunza upya kushika kijiko, au mama akimleta kliniki mwezi baada ya mwezi mtoto mwenye mtindio wa ubongo, au dereva wa bodaboda aliyekatwa mguu akilia kwa hasira siku ya kwanza ya magongo, hajui bado anaomba nini. Kazi hii ina maendeleo ya polepole mno. Wako wasioiweza, na ni heri wajue mapema.

Kwa hiyo mkuu wa idara ya fiziotherapia anapoombwa na kijana nafasi ya kukaa na kutazama, asimwone kuwa msumbufu. Ampangie siku, amweleze miiko ya siri za wagonjwa, na aandike katika daftari tarehe na saa alizofika. Daftari la senti chache ndilo litakalothibitisha ukweli mwaka mmoja baadaye, wakati mtaalamu huyo pengine amekwisha kuhamishiwa mkoa mwingine.

Sasa kuhusu barua. Barua nyingi za ushuhuda zinazoandikwa maofisini na shuleni zina sura moja. Husema mhusika ni mtu mwenye nidhamu, mchapakazi, mwenye ushirikiano mzuri na wenzake, na kwamba mwandishi hana kipingamizi. Jina likibadilishwa, barua hiyohiyo itamfaa mwombaji wa kazi ya udereva au ya uhasibu. Msomaji wa ng'ambo, ambaye ana maombi mamia mbele yake, huona kwamba mwandishi hamjui anayemsemea, na huo ndio ushuhuda anaoukumbuka.

Uko mtindo mbaya zaidi, wa mwalimu kumwambia mwanafunzi aandike mwenyewe, kisha yeye atie sahihi. Katika utaratibu huu mwalimu hupelekewa ujumbe kwa barua pepe, huingia mwenyewe, na huweka barua yake moja kwa moja bila kupitia kwa mwombaji. Sheria ya Marekani ya mwaka 1974 humpa mwanafunzi haki ya kuona kumbukumbu zake, lakini mwombaji huulizwa kama yuko tayari kuiacha haki hiyo kwa barua hizi; wengi huiacha, ili wasomaji waamini kwamba mwandishi alisema bila woga. Barua iliyotungwa na mwombaji na kutiwa sahihi na mwalimu huivunja imani hiyo yote. Nayo barua ya mkubwa, yenye nembo na cheo kirefu, ikiwa mkubwa huyo hajapata kumwona kijana akifanya kazi, haina uzito wa barua ya mwalimu wa maabara aliyekaa naye mihula miwili.

Barua yenye manufaa husema mwandishi alimfahamu mwombaji wapi na kwa muda gani. Hueleza jambo moja au mawili aliyoyaona kwa macho yake: kwamba jaribio liliposhindikana alilirudia jioni bila kuambiwa, kwamba alikuwa mwepesi wa kuelewa lakini mzito wa kuomba msaada, na jinsi alivyojirekebisha. Kasoro ndogo iliyotajwa kwa ukweli huifanya sifa iaminike. Na kuna jambo ambalo mwalimu pekee ndiye anayeweza kulieleza vizuri, nalo ni alama. Vyuo vikuu vya Tanzania hupima wastani kwa kiwango cha 5, ambapo 3.5 ni daraja la pili la juu. Marekani kiwango ni 4, na vyuo vingi vya tiba ya viungo havitaki wastani ulio chini ya 3.0. Msomaji asiyeujua mfumo huu anaweza kumpunja mtu. Sentensi mbili za mwalimu, zikieleza kwamba katika darasa lake alama B si ya kudharauliwa na kwamba mwombaji alikuwa miongoni mwa wa kwanza, hufanya kazi ambayo jedwali la matokeo haliwezi kuifanya.

Jedwali hilo nalo lina safari yake. Matokeo ya chuo cha nje hupelekwa kwanza kwenye taasisi ya kulinganisha elimu, na taasisi hizo kwa kawaida hutaka yatoke moja kwa moja chuoni, katika bahasha iliyofungwa na kupigwa mhuri, au kwa njia salama ya mtandao. Hapa ndipo umangimeza unapoua maombi. Kijana huambiwa mwenye ufunguo yuko semina. Akirudi huambiwa mhusika yuko likizo. Akirudi tena huambiwa barua yake haionekani, aandike nyingine. Nauli ya kutoka Sumbawanga au Newala hadi chuoni si ndogo. Vyuo vingi vya huko huchambua maombi kadiri yanavyofika, kwa hiyo bahasha iliyokaa kabatini miezi miwili hukuta nafasi zimekwisha kugawanywa. Karani hakumnyima kitu kwa maneno, lakini amemnyima.

Kuhusu fedha, inatosha kusema kwamba karo ya miaka mitatu katika vyuo vingi huzidi dola 100,000, na mgeni hana haki ya mikopo ya serikali ya Marekani. Bila mfadhili wa kweli, mwombaji asilipe hata hiyo ada ya kwanza.

Watakuwapo watakaouliza kwa nini kijana asaidiwe kwenda mbali wakati huenda asirudi. Swali hilo halipaswi kubezwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 2.4 wana hali za kiafya zinazoweza kunufaika na huduma za utengemao, na kwamba katika baadhi ya nchi zenye kipato cha chini na cha kati wataalamu wake hawafiki 10 kwa kila watu milioni moja. Mwalimu Nyerere, katika miaka ya 1960, aliwafananisha wasomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji ili apate nguvu za kwenda kuleta msaada. Asiporudi ni msaliti. Mfano huo bado una nguvu. Lakini kijana aliyecheleweshewa karatasi hawi mtaalamu wa hospitali ya wilaya kwa sababu hiyo. Huwa tu kijana aliyekosa nafasi. Zaidi ya hayo, anayerudi hukuta nini? Ikiwa ikama ya hospitali haina nafasi ya mtaalamu wa tiba ya viungo, au inayo moja iliyokwisha kujazwa, atakaa nyumbani na shahada yake, kisha ataondoka, na safari hiyo hatalaumiwa peke yake. Ikama hupendekezwa na maafisa utumishi kila mwaka wa bajeti. Mwombaji akikubaliwa, afisa wa wilaya yake ana miaka mitatu, yaani bajeti tatu, za kuiombea nafasi hiyo kabla hajashuka kwenye ndege.