Glavu za Kitanda cha Kwanza



Naanzia Kirkland, mji ulio jirani na Seattle, Marekani. Mwishoni mwa Februari 2020 UVIKO-19 uligundulika katika makazi ya wazee mjini humo. Kufikia tarehe 18 Machi, watu 167 waliohusishwa na nyumba hiyo walikuwa wamethibitika kuambukizwa: wakazi 101, wafanyakazi 50, wageni 16. Wachunguzi walipotafuta njia iliyopitiwa na maradhi, walikuta mambo ambayo kila muuguzi humu anayajua. Wahudumu walikuwa wakiingia kazini huku wanaumwa. Baadhi walifanya kazi katika nyumba zaidi ya moja. Vifaa vya kujikinga vilikuwa haba, na hata vilivyokuwepo, wengi hawakuwa wamevizoea.

Kuzoea ndiko kunakonihangaisha. Sheria ya Marekani inamtaka mhudumu wa makazi ya wazee apate walau saa 75 za mafunzo, 16 kati yake za vitendo, kisha saa 12 kila mwaka. Humo humo ajifunze kulisha, kuogesha, kugeuza mgonjwa na kumtuliza mzee aliyesahau jina la mwanawe. Ndugu zetu wengi kutoka Kenya wanaifanya kazi hii huko, na wanajua mgongo unavyouma ikifika alfajiri.

Tazameni kinachotokea. Mhudumu amembadilisha nepi mzee wa kitanda cha kwanza. Kengele ya kitanda cha pili inalia. Glavu zile zile zinashika kitasa, zinavuta pazia, zinainua mto. Yeye anaamini amejikinga, na kweli kajikinga. Wa kitanda cha pili ndiye aliyeachwa wazi.

Ninapofundisha, nawapaka wanafunzi mafuta yanayong'aa chini ya taa maalumu, juu ya glavu na gauni, kisha nawaambia wavue. Nazima taa za chumba, nawasha ile yangu. Alama zinaonekana kwenye vifundo vya mikono, shingoni, wakati mwingine hata kwenye kidevu. Chumba kinanyamaza. Kuanzia hapo sihitaji kueleza kwa nini glavu huvuliwa kwa kugeuzwa ndani nje, wala kwa nini mikono inasafishwa hata baada ya kuvua. Ndipo nawaambia pia kwamba mbegu za bakteria wa Clostridioides difficile, wanaosababisha kuhara kwa wazee waliotumia antibiotiki, hazifi kwa kitakasa mikono cha spiriti. Hapo ni sabuni na maji yanayotiririka.

Sasa wenye nyumba hizi, naomba mnisikilize. Mkimfundisha mhudumu abaki nyumbani akiwa na homa, kisha mkamkata malipo ya siku hiyo, mmemfundisha masomo mawili, na atakalolikumbuka ni la pili. Tangu 28 Novemba 2019, miezi mitatu tu kabla ya Kirkland, kanuni za Marekani zinazitaka nyumba zinazopokea fedha za bima za serikali ziwe na msimamizi wa kinga ya maambukizi, hata kama si wa muda wote. Mimi nasema awe wa muda wote. Na asifundishe mchana peke yake, ofisini, kwa karatasi ya kutia saini. Aje saa nane za usiku, mhudumu akiwa peke yake ukumbini na kengele tatu zinalia, asimame naye kando ya kitanda cha kwanza, aangalie mikono.