Uganda: Wataalamu Wake na Fedha za Wengine

Mwezi Mei 2025 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilitangaza kuwa zinasitisha mtindo wa zamani wa kupitisha fedha za utafiti katika vyuo vya Marekani kwenda kwa washirika wao wa nchi za nje, mpaka utaratibu mpya uwekwe. Kwa nchi jirani ya Uganda hilo halikuwa jambo dogo.

Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kushirikiana na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mwaka 1988, wakati dunia nzima haikuwa na dawa ya kuzuia mama asimwambukize mtoto virusi vya UKIMWI. Matunda yalionekana mwaka 1999 katika hospitali ya Mulago. Ilithibitishwa kwamba mama akipewa kidonge kimoja cha nevirapini wakati wa uchungu, na mtoto akapewa dozi moja kabla ya kutimiza siku tatu, maambukizo hupungua kwa karibu nusu yakilinganishwa na dozi fupi ya AZT. Mwaka huohuo Profesa Roy Mugerwa wa Makerere aliongoza jaribio la kwanza la chanjo ya UKIMWI barani Afrika.

Walikuwapo waliolalamika kwamba Mwafrika anageuzwa panya wa majaribio. Hofu hiyo ina historia yake, wala haifai kubezwa. Lakini dawa yake ni kuwa na mtafiti mwananchi, anayeweza kumweleza mama kwa Kiganda jambo analoombwa kulikubali na haki yake ya kulikataa. Mtafiti wa namna hiyo hapatikani kwa semina ya wiki mbili. Huchukua miaka mingi ya masomo, maabara na kufuata nyayo za waliomtangulia.

Ndipo lilipo tatizo. Mwaka 2001 huko Abuja wakuu wa nchi za Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Nchi nyingi, Uganda ikiwamo, hazijafika hapo. Mshahara wa mtafiti ukaachiwa mfadhili. Mfadhili akifunga mkoba, mtaalamu huyo hakai akingoja. Huenda ng'ambo, au hufungua zahanati yake mjini, na maabara aliyoizoea hubaki na majokofu yanayodai umeme.

Mwaka 2024 sindano ya kinga ya lenakapaviri, inayochomwa mara mbili tu kwa mwaka, ilijaribiwa Uganda na Afrika Kusini. Kati ya wanawake 2,134 walioipata hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Serikali ya Kampala bado inawahitaji watafiti hao ili sindano hiyo ifuatiliwe vijijini.