Kiporo cha Viazi Kisitupwe

Huko Marafa, kaskazini ya Mto Sabaki, liko bonde la mchanga mwekundu na mweupe liitwalo Nyari. Wazee husimulia ya kuwa hapo palikaa jamaa tajiri waliooga maziwa ya ng'ombe wao, hali majirani walishinda na njaa. Basi Mungu akawadidimiza ardhini pamoja na mali yao.

Hadithi hiyo yafaa kukumbukwa jikoni. Viazi vitamu vilivyochemshwa jana vikasalia, vimenywe na kupondwa hata vilainike. Vitiwe unga wa ngano, tui la nazi na chumvi kidogo, vikorogwe mpaka viwe kama uji mzito. Kisha vimiminwe katika kaango lililopakwa mafuta, kama chapati za maji. Moto uwe mdogo, kwani sukari ya kiazi huungua upesi. Viazi vyenye nyama ya rangi ya machungwa huwafaa watoto zaidi, maana vina vitamini A ilindayo macho.

Mama apikapo na awaite wanawe, wake kwa waume, wajifunze kipimo cha bibi yao. Kipimo hicho hakikuandikwa kitabuni. Kisiporithiwa huzikwa naye. Na chapati ya kwanza ipelekwe kwa jirani. Jamaa wa Nyari hawakupeleka kitu.