Dosa, Idli na Sambar: Kula Vizuri Ugenini kwa Pesa Kidogo

Mazungumzo haya yalitolewa mbele ya vijana wanaojiandaa kwenda masomoni Marekani. Tumeyafupisha kidogo ili yaenee kwenye ukurasa.



Najua wengi mlitegemea niongee habari za viza, vyuo na baridi. Hayo watayasema wengine. Mimi nina jambo moja tu: mtu anaweza kupata chuo, akapata na chumba, halafu masomo yakamshinda kwa sababu ya tumbo.

Tuambiane ukweli. Ukifika ugenini pesa inahesabiwa senti kwa senti. Kuna kodi, kuna nauli, kuna vitabu, na nyumbani nao wanasubiri utume chochote. Sasa pa kubana ni wapi? Ni tumboni! Asubuhi chai ya rangi, mchana chipsi na soda, usiku tambi za pakiti. Tumbo linajaa lakini mwili haujala. Baada ya miezi michache kijana anasinzia darasani, kichwa kinamuuma, na dada zetu wengine wanaambiwa damu imepungua. Mtu anasingizia baridi, kumbe ni sahani yake.

Je, chakula bora lazima kiwe ghali? Hapana. Nitawapa mfano mmoja.

KANTINI CHINI YA HEKALU

Mjini New York, upande wa Queens, kuna sehemu inaitwa Flushing. Unapanda treni namba 7 mpaka kituo cha mwisho, halafu unatembea kama maili moja hadi Bowne Street. Hapo utaona mnara wa mawe yaliyochongwa. Ni hekalu la Wahindu, la Ganesh, yule mungu wao mwenye kichwa cha tembo. Lilifunguliwa tarehe 4 Julai 1977. Waliolijenga ni wahamiaji kutoka India, wa kizazi kilichopata nafasi baada ya Marekani kubadili sheria yake ya uhamiaji mwaka 1965. Walikuja na dini yao, wakaja na mapishi yao pia, hasa ya India ya kusini.

Kantini iko chini ya jengo. Usitegemee vitambaa vya meza, bwana! Unaagiza, unalipa, unapewa namba, unasubiri namba yako iitwe. Nyama hakuna, samaki hakuna, yai hakuna. Utawakuta wazee waliotoka kusali, akina mama na watoto, wanafunzi, na watu wengi tu wasio Wahindi. Bei yake ni nafuu ukilinganisha na migahawa mingi ya jiji lile. Sababu haijifichi: unajihudumia mwenyewe, na kinachopikwa ni mchele na mikunde, siyo nyama.

SAHANI YENYEWE INA NINI?

Dosa ukiiona utadhani ni chapati ya maji iliyokaushwa: kubwa, nyembamba, inavunjika kwa sauti. Lakini haina ngano. Wanaloweka mchele, na pembeni wanaloweka dengu ndogo nyeusi ziitwazo urad, jamaa ya choroko. Wanasaga, wanachanganya, wanaacha usiku kucha uchachuke. Asubuhi mchanganyiko umeumuka, una uchachu kidogo. Ukimwagwa kwenye kikaango bapa unakuwa dosa. Ukipikwa kwa mvuke kwenye vibati unakuwa idli, nyeupe na laini. Mtu wa pwani hapa hawezi kushangaa. Mchele wa vitumbua nao si tunauloweka, tunausaga na kuuacha uumuke?

Sasa sikilizeni, maana afya iko hapa. Mchele peke yake una upungufu wa aina fulani ya protini ambayo mikunde inayo kwa wingi. Mikunde nayo ina upungufu wa ile ambayo mchele unayo. Ukivila pamoja, kimoja kinaziba pengo la mwenzake, na mwili unapata vya kujengea. Kule kuchachusha nako kunapunguza vitu ndani ya nafaka na mikunde vinavyozuia mwili kufyonza madini kama chuma na zinki.

Pembeni kuna bakuli la sambar, mchuzi wa mbaazi zilizokobolewa, ukwaju na mboga. Mara nyingine utakuta humo vipande vya maganda ya mlonge, huu huu mlonge wetu. Halafu kuna chatini ya nazi. Mbaazi, ukwaju, mlonge, nazi: kuna kigeni hapo? Tena mbaazi za Tanzania soko lake kubwa limekuwa India. Wakulima wa Lindi na Mtwara hawajasahau mwaka 2017, India ilipoweka kikomo cha mbaazi za kuagiza na bei ikaporomoka. Tunawauzia wenzetu protini, sisi wenyewe tunakimbilia chipsi!

MAMBO YA KUANGALIA

Msiondoke hapa mkidhani kila kisicho na nyama ni dawa. Vada, ambayo ni kama bajia, imezama kwenye mafuta. Kula moja ufurahi, siyo tano. Achari ina chumvi nyingi. Ukitaka chepesi, chagua idli.

Kahawa yao ya maziwa ni tamu kweli, lakini kahawa na chai vinazuia mwili kuchukua chuma kutoka kwenye mikunde. Subiri kama saa moja baada ya kula. Ukwaju, ndimu na matunda vinasaidia chuma hicho kiingie mwilini.

Na ukiamua kuacha kabisa nyama, samaki, mayai na maziwa, utakosa vitamini B12, ambayo mwili unaihitaji kwa damu na mishipa ya fahamu. Ongea na mtu wa afya kuhusu vidonge au vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo.

MASWALI YA VIJANA

"Mimi si Mhindu. Sitafukuzwa?" Hutafukuzwa. Kantini inamuuzia yeyote. Ukipenda kupanda juu hekaluni, vua viatu, vaa kwa heshima, usipige kelele. Kumbukeni pia historia ya mji ule. Mwaka 1657 wakazi wa Flushing waliandika waraka kumpinga gavana Peter Stuyvesant aliyewanyanyasa Waquaker. Mwaka 1662 John Bowne akakamatwa kwa kuwaruhusu wasali nyumbani kwake. Barabara ile ilipewa jina la ukoo wake.

"Na dini yangu je? Si chakula cha sadaka kile?" Swali zuri. Chakula kilichotolewa mbele ya miungu kinaitwa prasadam, na hicho hugawiwa waumini. Cha kantini unakinunua. Ukiwa na wasiwasi, uliza kwa adabu, halafu fuata dhamiri yako.

"Nikipelekwa mji usio na hekalu?" Basi chukua somo, acha jengo. Duka la Wahindi ukilipata, nunua mchele, dengu na mbaazi. Hata maharage ya kopo na wali vinatosha kuanzia. Ni nafaka na mikunde, kama makande ya bibi.

Ndugu zangu, kutuma pesa nyumbani ni jambo jema. Lakini mama yako hakukupeleka ng'ambo ukafunge bila Ramadhani wala Kwaresima. Ukianguka darasani, hiyo pesa ya kutuma itatoka wapi? Panga bajeti yako, na mstari wa kwanza uandike: chakula. Kodi ifuate.