Gari Lililokwisha Kulipwa na Bima: Haki ya Mnunuzi Kujua



Huenda wengine wakashangaa kwamba Tume ya Haki na Amani inazungumzia biashara ya magari. Twaizungumzia kwa sababu vikundi vyetu hununua magari yaliyotumika kwa fedha zilizochangwa kwa miaka mingi, na ndani yake hupanda watoto wa shule na abiria ambao hawakuulizwa lolote.

Gari likipata ajali kubwa, au likizama katika mafuriko, kampuni ya bima hupima gharama ya kulitengeneza. Gharama hiyo ikikaribia au kupita thamani ya gari, kampuni humlipa mwenyewe na kuyachukua mabaki, kisha huyauza kwa zabuni au mnadani. Hapo hakuna aliyedhulumiwa. Tena si kila gari la namna hiyo ni jeneza: gari kuukuu laweza kuachwa na bima kwa sababu ya mlango na taa tu, kwa kuwa thamani yake ilikuwa ndogo.

Dhuluma huanzia pale muuzaji anaponyamaza. Gari hunyooshwa, hupakwa rangi, kisha huuzwa kwa bei ya gari lisilowahi kugongwa. Bodi ya gari imeundwa ijikunje na kupokea kishindo badala ya mwili wa binadamu. Chuma kilichokwisha kujikunja, kikarudishwa kwa moto na nyundo, hakina tena nguvu ile. Mfuko wa hewa uliofumuka katika ajali ya kwanza ni ghali kuurudisha, na wako mafundi wanaofunika tundu lake kwa plastiki na kuidanganya taa ya onyo. Wengine (tuseme wazi) huunganisha nusu mbili za magari mawili wakaliita gari moja.

Huko Uingereza, ambako baadhi ya magari yetu hutoka, tangu Oktoba 2017 gari lililoachwa na bima hupewa herufi. Lenye A huharibiwa lote. Lenye B hutolewa vipuri tu. Lenye S limeumia kiunzi, na lenye N halikuumia kiunzi. Haya mawili yaweza kurudi barabarani yakitengenezwa. Katika minada ya Japani, gari lililotengenezwa baada ya ajali mara nyingi huandikwa R katika karatasi ya ukaguzi. Mwombeni muuzaji karatasi ya asili, wala msitosheke na maneno yake.

Hapa Kenya, kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 humpa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, kupewa habari anazozihitaji, na kulindwa usalama wake. Kuuliza historia ya gari, basi, si ukorofi.

Nendeni na fundi wenu, si wa muuzaji, tena mchana. Linganisheni nambari ya chesisi na ile ya logibuku. Inueni zulia na kifuniko cha tairi la akiba, mtafute alama za kuchomelea, matope au kutu. Tazameni kama nafasi za pande mbili za boneti zalingana. Funguo ikigeuzwa, taa ya mfuko wa hewa hupaswa kuwaka kidogo na kuzimika. Isipowaka kabisa, ulizeni kwa nini. Mwisho, muuzaji atie sahihi kwamba gari halikuwahi kuachwa na bima, au aeleze lililotukia na kupunguza bei. Akikataa kuandika, rudini na fedha zenu.

Na wale waliokwisha kununua bila kujua? Wasikimbilie kuliuza kimya kimya kwa jirani. Kabla ya kupakia mtoto mwingine, walipeleke kwa fundi mwaminifu akague kiunzi, mikanda na breki. Kisha waiarifu kampuni yao ya bima, kwa kuwa mwenye bima aliyeficha jambo zito kama hilo aweza kunyimwa fidia siku anapoihitaji.