Breki ya Mbele Inaposhika Yenyewe

Msikilizaji wangu wa boda boda hapo Ziwani, wewe unayebeba mizigo ya Gikomba: ukiona pikipiki imekuwa nzito na diski ya mbele inanuka moto, breki imeshika. Usiiguse wala usiimwagie maji. Iache ipoe.

Weka stendi ya kati, inua gurudumu la mbele, bana breki, achia, kisha lizungushe kwa mkono. Limekaza? Chomeka kimpira kwenye nipo ya kutolea hewa ya kalipa, uilegeze kidogo kwa spana. Mafuta yakiruka na gurudumu likawa huru, presha ilikuwa imenaswa juu: ama mkono wa breki hauna nafasi ya kucheza, ama kitundu cha kurudishia mafuta kwenye masta silinda kimeziba, ama mpira wa breki umevimba ndani. Huo mpira ndio hudanganya mafundi, maana nje unaonekana mzima.

Likibaki limekaza, tatizo ni kalipa yenyewe. Pistoni imeshika kutu, au pini za kalipa zimekauka kwa matope. Fungua, safisha. Lakini raba usizioshe kwa petroli, jamani! Zitavimba, na urudi palepale. Tumia mafuta ya breki ya namba iliyoandikwa kwenye kifuniko cha masta silinda, DOT 3 au DOT 4. Pedi iliyolowa mafuta, tupa.

Ukimaliza, toa hewa, kaza nipo, na ubane breki mpaka iwe ngumu mkononi kabla ya kumpakia abiria.